Fizi Ikishashuka

Shevanta alianza kukasirika siku ile binti yake aliposhindwa kutafuna bhakri.

Vaijanta alikuwa amerudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo ada, na mama yake alikuwa amedhamiria kumlisha mpaka ashindwe kuinuka. Bhakri, mkate wa duara wa unga wa mtama, ikatoka motoni imeumuka vizuri. Shevanta akaipaka siagi, akaweka pembeni pilipili ya kutwanga na kitunguu saumu. Binti akauma mara moja, akaacha. Akaanza kumega vipande vidogo vidogo na kuvilowesha kwenye mchuzi wa dengu mpaka vilainike, kama alivyokuwa akifanya bibi yake Tanubai aliyeketi mbele yake, kikongwe asiye na jino hata la kusingizia. Msichana aliyeolewa juzi na mwanamke anayesubiri kufa walikuwa wanakula chakula cha aina moja. Na pale Vaijanta alipouma, bhakri ilikuwa na damu.

"Hebu fungua kinywa," Shevanta akasema.

"Mama, niache nile."

"Fungua nikuone."

Akaushika mdomo wa chini wa binti yake na kuuvuta. Fizi zilikuwa nyekundu na zimevimba. Hilo halikumtisha sana, maana wenye mimba wengi huvimba fizi. Kilichomtisha ni meno mawili ya mbele. Fizi ilikuwa imeyakimbia, imeteremka chini na kuacha shina la jino wazi, la manjano, hata meno hayo yakaonekana marefu kuliko wenzake. Shevanta aliyajua meno ya namna ile. Alikuwa nayo kinywani mwake, na mawili kati yake yalikuwa yakicheza kila alipoyagusa kwa ulimi. Lakini yeye alikuwa mwanamke wa makamo, aliyefunga miwa na kupalilia mashamba ya watu tangu utotoni. Huyu hata kuzaa bado.

Tanubai hakuona cha ajabu. Alichomoa kikopo kwenye pindo la sari yake kiunoni, akakifungua, akamsogezea mjukuu. Sugua masheri, alisema, maumivu yataisha, mbona unawasumbua watu wakati wa kula.

Masheri ile ilitengenezwa na Shevanta mwenyewe. Kila siku ya soko alinunua majani ya tumbaku, akayakaanga kwenye chuma cha kuchomea bhakri mpaka yakawa meusi tii, akayasaga kwenye jiwe kuwa unga laini. Wanawake wa mtaa mzima walikuja kuchukua kwake, na walikuwa wakisema hakuna mkono unaojua moto wa masheri kama mkono wa Shevanta. Naye alikuwa akijisikia. Hakuna mwanamke katika kijiji kile aliyeiita tumbaku. Mumewe Dattoba, aliyeshindilia tumbaku na chokaa mdomoni kutwa, alikuwa mla tumbaku. Wanawake walikuwa wanasafisha meno. Mwanamke angeonekana na sigara angepigwa na kurudishwa kwao, lakini mwanamke aliyechuchumaa mlango wa nyuma na kidole kinywani aliachwa kwa amani zake. Tena unga ule ulitia ganzi, na jino lililokuwa likiuma lilinyamaza. Kinachonyamazisha maumivu kama si dawa ni nini?

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Shevanta alikitazama kinywa cha mama mkwe wake kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Kama ni dawa, mama, meno yako yamekwenda wapi?"

"Uzee huo, mwanangu. Hata wewe unakuja."

"Uzee gani? Nilipoolewa humu ndani ulikuwa na umri wangu huu wa sasa, na mbele ulikuwa pengo."

Jambo hilo lilikuwa halijawahi kusemwa katika nyumba ile. Tanubai alifunga kikopo chake, akageukia ukutani na kula chakula kilichobaki akiwa amewapa mgongo.

Asubuhi yake Shevanta akamchukua binti mpaka mjini kwa daktari wa meno. Daktari alikuwa mwanamke kijana, jina lake Mrinalini, mkono mwepesi na maneno machache. Alimlaza Vaijanta kwenye kiti, akapitisha kijichuma chembamba kati ya jino na fizi, jino baada ya jino, kisha akampa kioo ajione, Shevanta akichungulia pembeni. Pale penye rangi ya kahawia, alisema, ni ugaga. Ni uchafu ulioganda ukawa jiwe, nao umeingia mpaka chini ya fizi, na fizi inaukimbia. Mimba imeongeza uvimbe na damu, lakini mimba haikuanza mambo haya. Halafu akauliza nani kati yao anatumia masheri.

"Sote," Shevanta akajibu, na bado alikuwa na majivuno. "Mimi ndiye ninayeikaanga. Mtaa mzima unatumia ya kwangu."

Daktari akaweka chini kijichuma chake. Akaeleza taratibu, bila kumwonea haya wala kumdharau. Masheri ni tumbaku, na tumbaku inabana mishipa ya damu ya fizi. Ndiyo maana watumiaji wengi hawatoki damu hata fizi zikiwa zinaoza, wanajiona wazima, na siku wanayogundua wanakuta mfupa unaoshika jino umekwisha kuliwa. Ganzi inazuia maumivu, na maumivu ndiyo yangewapeleka hospitali mapema. Tena ule unga unakwaruza, na kidole kinasugua palepale kila siku. Shevanta akauliza fizi itarudi lini. Daktari akasema hairudi. Ikishashuka imeshuka. Yako matibabu ya kukata kipande cha nyama kwenye kaakaa na kukishonea pale palipo wazi, nayo kwa baadhi ya watu hufaa, lakini hayana maana kwa mtu anayeendelea kujipaka tumbaku. Kinachowezekana kwa Vaijanta ni kukwangua ugaga, kuacha masheri, kutumia brashi laini, na kuilinda fizi iliyobaki. Akifanya hivyo meno yale atazeeka nayo.

"Kwa hiyo unasema mimi ndiye niliyemla mwanangu fizi."

"Sikusema hivyo. Nimesema ni tumbaku."

"Tumbaku naikaanga mimi."

Daktari akakirudisha kioo mahali pake. "Basi acha kuikaanga," akasema.

Shevanta aliondoka pale kifua kinamwaka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema, na yeye alikuwa amekibeba kiunoni na kukigawa kwa majirani akishukuriwa. Alimchukia daktari kwa kumwambia. Alimchukia zaidi kila mtu ambaye miaka yote hiyo hakumwambia. Mbona mashamba yao yalikaguliwa, ng'ombe wao wakadungwa sindano, watoto wakapimwa uzito, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kusimama kijijini kwao na kumwambia mwanamke afungue kinywa?

Alipofika nyumbani alimwaga masheri yote kwenye mtaro wa maji machafu. Kisha yakamkuta. Kichwa kikaanza kumgonga, tumbo likagoma kabisa, maana miaka yote halikufunguka bila masheri ya asubuhi, na mikono ikatetemeka hata akavunja bakuli. Akamgombeza mbuzi. Akagombana na ndoo. Dattoba akakaa barazani akicheka na wenzake, mdomo umevimba kwa tumbaku yake, akisema wanawake wa nyumba hii wakikosa masheri hutafuna waume. Mkewe alitoka nje na ufagio mkononi.

"Baba Vaijanta, kateme kwanza hiyo uliyo nayo ndipo ucheke."

Wenzake wakaangalia chini. Dattoba alikwenda kutema, ingawa baada ya muda alirudi na nyingine.

Wanawake wa mtaa nao hawakumsamehe. Siku ya soko walikuja kama kawaida na vikopo vyao, wakakuta chuma kimeoshwa. Shevanta akawaeleza yote aliyoyasikia, ganzi, mishipa, mfupa unaoliwa kimyakimya. Jirani yake Kondabai akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema siku hizi wamepata daktari mtaani, wa kusoma hakusoma lakini vyeti amevipata kwa kioo. Wakacheka, wakaenda kununua masheri ya dukani, ambayo wote walijua ni mbaya kuliko yake. Hilo nalo lilimuuma, na aliona aibu kwamba lilimuuma.

Alivumilia yote kwa sababu moja tu. Ugaga wa Vaijanta ulikwanguliwa, uvimbe ukaanza kupungua, na kila asubuhi Shevanta alisimama juu yake kama askari akimwangalia anavyopiga mswaki jinsi daktari alivyoelekeza, brashi laini, imeshikwa kwa vidole kama kalamu, duara dogo dogo, si kusugua kama sufuria iliyoungua. Mwenyewe akarudi mjini, meno yake mawili yaliyokuwa yakicheza yakang'olewa, na yaliyobaki yakakwanguliwa. Akajiambia pengo lake si kitu. Yake yamekwenda, ya mwanawe yatabaki.

Mchana mmoja akaenda nyuma ya zizi kuchukua samadi kavu, akamkuta Vaijanta amechuchumaa huko, tumbo limemjaa mapajani, kidole kinywani. Mate yalikuwa meusi.

Shevanta akanyanyua mkono. Akaliona tumbo, akaushusha.

"Amekupa bibi yako?"

"Nilimwomba mwenyewe."

"Baada ya yote yale? Umeketi kwenye kiti cha daktari, umejiona kwenye kioo, umelia njia nzima. Halafu unajificha na ng'ombe kama mwizi."

"Nani alinipa mara ya kwanza?" Vaijanta akauliza. Hakupaza sauti. "Nilikuwa darasa la nne, jino linaniuma, ukanipaka kwa kidole chako. Ukaniambia nimeshakuwa mwanamke. Nilifurahi kweli."

Shevanta akakikunja kidole chake ndani ya kiganja.

"Halafu hujui kule ninakoishi," binti akaendelea. "Naamka kabla ya watu wote. Maji, samadi, chai, bhakri za watu wa shamba, vyombo, nguo. Nikikaa chini hata kidogo, mama mkwe anaita. Nikikaa na masheri, haiti. Anasema, mwacheni, anasafisha meno. Hiyo ndiyo saa yangu pekee, mama. Nikiacha masheri, nitakaa kwa kisingizio gani?"

Shevanta alijua. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote, kwamba alijua na hakuhitaji kuelezwa. Katika nyumba hii hii, kama bibi harusi, alikuwa amejifunza kusugua polepole, apitishe kidole kwenye kila jino kana kwamba anahesabu mali, ili tu magoti yapumzike. Nusu ya wanawake waliomcheka mtaani hawakuwa wakitafuta ganzi ya meno. Walikuwa wakinunua ruhusa ya kukaa, na walikuwa wakiilipia kwa fizi zao. Akaichukua ndoo yake tupu, akaenda kusimama katikati ya miwa mahali asipoonekana, akalia kwa hasira.

Vaijanta alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuuza samaki. Ikafika siku ya kumpa jina, na wakwe wakaja na kitanda cha kubembea, na sari, na vikuku vya mtoto. Aliyewaongoza alikuwa Bhagirathi, mama yake mume, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hakuwa akicheka ovyo. Siku kama hiyo mama wa mke hana sauti. Anainamisha kichwa, anawapa wakwe sari nzuri kuliko aliyovaa yeye, anawapakulia kwanza, na hata wakisema chumvi imezidi anaomba radhi kwa chumvi. Shevanta alifanya yote hayo. Shangazi akamnong'oneza mtoto jina sikioni, wanawake wakaimba, dengu za kuchemsha zikagawanywa. Wanaume wakala barazani. Wanawake wakala ndani, wakanyoosha miguu.

Na baada ya kula, kama wageni wa kiume wanavyopewa tambuu, wageni wa kike hupewa masheri. Bhagirathi akanyoosha kiganja, bila hata kutazama, akingoja kitiliwe.

"Leo hakuna masheri katika nyumba hii, mkwe," Shevanta akasema.

Bhagirathi akadhani imekwisha. Akasema hapana neno, njiani watu hubeba ya akiba, akachomoa kikopo chake. Akamimina kidogo kiganjani, kisha akakinyoosha kikopo kwa Vaijanta. "Chukua, mama mzazi. Umechoka."

Vaijanta alikuwa ameketi kitako kitandani na mtoto kifuani. Akamtazama mama yake, akakitazama kikopo. Kidole chake kikaanza kwenda. Shevanta akamshika Bhagirathi mkono.

Wanawake wakageuka wote. Mama wa mke alikuwa amemshika mkono mama wa mume, mbele za watu, siku ya jina. Tanubai akaweka kiganja kichwani mwake. Kondabai, aliyekuwa mlangoni na sahani, akasahau kuiweka chini.

"Wewe sugua ukitaka, wewe ni mgeni wangu," Shevanta akasema. "Huyu hasugui tena. Fizi zake zimeshuka na hazirudi. Akirudi kwako atapiga mswaki kwa brashi. Na akimaliza kazi za asubuhi atakaa chini, hivihivi, bila kitu kinywani. Asiitwe mpaka ainuke mwenyewe. Nikisikia ameitwa, nakuja kumchukua na mtoto."

"Unanipa masharti?"

"Nakupa."

"Mbele ya watu hawa?"

"Ndiyo sababu nimesema sasa, wasikie."

Bhagirathi akauvuta mkono wake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Wote walingoja ainuke, aite watu wake, waondoke na kitanda chao cha kubembea, na ndoa ile iingie shubiri. Badala yake akaushika mdomo wake wa chini na kuuvuta mpaka kidevuni, akamsogelea Shevanta ili aone vizuri. Meno yaliyokuwamo yalikuwa manne, marefu, ya kahawia, yamesimama kwenye mizizi mitupu. Fizi ilikuwa uzi tu.

"Tazama basi, wewe unayejua fizi," akasema. "Mimi niliolewa hata matiti sina. Mama mkwe wangu aliniamsha kwa teke. Haya yote nimeyapata kwa kuiba kukaa. Mama yangu alikuwapo, aliketi kama ulivyoketi wewe, akainamisha kichwa, akanikabidhi. Hakushika mkono wa mtu. Sasa niambie. Kwa nini huyu apate nilichokosa mimi?"

Shevanta alikuwa amejiandaa kwa matusi, na matusi alikuwa nayo ya kutosha. Hili hakuliandaa. Hasira yake haikupoa, ila ilimwacha mwanamke yule na kwenda mahali pengine, mbali, kwa watu waliokwisha kufa.

"Kwa sababu mama mkwe wako amekufa," akasema. Pengo lake lilionekana alipozungumza, na hakulifunika. "Wewe ndiye mkubwa wa nyumba ile, mkwe. Leo ukikaa chini bila masheri, atakuamsha nani?"

Bhagirathi alikitazama kikopo kilichokuwa mkononi mwake. Wanawake wengine waliangalia miguu yao. Wengi wao walikuwa mama wakwe, na wengi walikuwa na kikopo kiunoni.

Wakati huohuo sauti ya kiume ikaita kutoka barazani. Wageni wanataka maji. Vaijanta, kwa mazoea tu, akamlaza mtoto kando na kuanza kuinuka, mkono mmoja ukiwa kiunoni.

"Kaa," Bhagirathi akamwambia.

Alisema kwa ukali uleule aliokuwa akimwitia, na Vaijanta akakaa upesi kama aliyesukumwa. Sauti ikaita tena. Bhagirathi akageuza uso kwenye mlango.

"Mtungi uko hapo penye nguzo," akapaza sauti, na ilikuwa sauti ya mtu aliyekasirika miaka mingi sana. "Kata iko juu yake. Mikono mnayo."

Barazani kikasikika kishindo cha mtu asiyejua kutumia kata. Ndani, hakuna mwanamke aliyeinuka kwenda kumsaidia.